Farasi Aliyechaguliwa na Mama

Verlene Skogstad alikuwa na hofu mbili tu duniani, nazo zilimtosha: farasi na kofia. Ukiwa na binti ambaye ni malkia wa rodeo wa kaunti, yale mashindano ya farasi na mafahali, hofu hizo unalala nazo na kuamka nazo, tangu majani yanapochipua Montana, huko Marekani, mpaka baridi inaporudi. Mama mwenye binti wa namna hiyo, au hata mwenye binti wa pikipiki, asiharakishe kucheka. Asikilize kwanza yaliyompata mwenzake.

Binti aliitwa Jorie. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya baba yake na ulimi wa bibi yake. Tangu avishwe taji hakutulia, maana kazi ya malkia wa rodeo si kukaa kwenye kiti, ni kuzurura. Kila mwisho wa wiki kuna maonyesho ya kaunti mahali fulani: watoto wanapeleka nguruwe wao wakapimwe, akina mama wanashindana kwa pai na jemu, na jioni jua likiwa bado kali wanaume wanakwenda kuvunjwa mbavu na mafahali. Kabla ya mafahali wanatoka malkia. Geti linafunguliwa, malkia anachomoka kama amefukuzwa na nyuki, anauzunguka uwanja mzima akishika hatamu kwa mkono mmoja, mwingine ukipungia watu, tabasamu lisimtoke na kofia isidondoke. Kofia ikidondoka, basi tena. Watu watalisahau jina lako, kofia hawataisahau.

Kofia Verlene aliiweza. Alikuwa na vibanio, alikuwa na utepe wa kunata pande mbili, ule wa kubandikia zulia, na alikuwa na dawa ya kupuliza ambayo ikishakauka nywele zinalia ukizigonga. Kilichommaliza ni farasi. Desturi ya kule ni kwamba malkia mgeni haji na farasi wake; wenyeji humwazima yeyote aliyepatikana. Kule Marlow walimpa Jorie farasi wa mwalimu wa shule ya Jumapili, akamng'ata begani kabla hata hajampanda. Big Coulee walimpa mnene aliyejamba kila hatua, mbele ya mchungaji aliyekuwa anafungua shughuli kwa sala. Sand Fork walimpa mwenye jicho moja, aliyekubali kukata kona upande mmoja tu, ikabidi Jorie auzunguke uwanja kinyume na malkia wenzake, akikutana nao uso kwa uso na kuwapungia mkono kila wakipishana.

Wote aliwapanda, wala hakuanguka hata mara moja. Lakini Verlene hakuhesabu hivyo. Yeye alikuwa anatangulia kila uwanja, anamtafuta mwenye farasi nyuma ya mazizi, na kumhoji kama polisi. Anarusha mateke? Anaogopa bendera? Mara ya mwisho kumbwaga mtu ilikuwa lini, na mtu huyo sasa yuko wapi? Jorie alikuwa akiona kofia ya mama yake inakatiza kati ya matela, anajifanya hamjui.

Walipokuwa wanarudi kutoka Sand Fork, Jorie akiendesha pikapu, mama yake kando, na Bibi Inga amejikunja kiti cha nyuma na mfuko wake wa mbegu za alizeti, binti akalitoa lililokuwa moyoni. Majira ya baridi kulikuwa na shindano la malkia wa jimbo zima, mbali, huko upande wa milimani. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda peke yake, na pikapu na tela, bila mtu wa kuhoji farasi.

Verlene akataja theluji. Akataja malori. Akataja binti wa watu fulani aliyekwama barabarani akala pipi siku nzima. Jorie akamwacha amalize, kisha akasema, "Tuwekeane sharti, Mama. Rodeo ya nyumbani ndiyo ya mwisho msimu huu. Nikizunguka bila kuanguka na bila kofia kudondoka, unanipa funguo na unabaki nyumbani. Nikianguka, tunakwenda wote, na utanihojia hata farasi wa polisi."

"Mimi shahidi," akasema Bibi Inga kutoka nyuma, akatema ganda la mbegu dirishani. Huyo Bibi Inga alikuwa mama yake Verlene, na aliwahi kuwa malkia zamani hizo ambapo taji lilikatwa kwenye kopo la mafuta.

Verlene akakubali. Usidhani alitaka mwanawe aanguke. Hapo ndipo penye uchungu wake. Binti akianguka, ataumia. Asipoanguka, ataondoka. Kati ya hayo mawili mama alichagua asiumie, na hilo la kuondoka akasema ataliombea.

Nyumbani, malkia hupanda farasi wake mwenyewe. Wa Jorie alikuwa jike aitwaye Juniper, mwekundu, mwembamba, mwenye mbio za kichaa. Verlene alimwogopa Juniper kuliko farasi wote wa kuazima wakiwekwa pamoja. Basi wiki ile ya maonyesho akaenda kwa jirani yao, Mzee Orrin Pike, akamkuta anarekebisha uzio, akamwambia anataka farasi mpole kuliko wote alionao.

Mzee Orrin akamletea Biskuti. Farasi mtu mzima, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, macho ya usingizi.

Hapa lazima ijulikane tabia ya watu wa kule. Ukiwauliza habari za farasi, watakujibu ulichouliza. Hawadanganyi, Mungu awabariki, lakini neno la ziada hawatoi. Kila mtu anaijua desturi hiyo. Verlene aliijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake.

"Anaogopa bendera?"

"Haogopi."

"Mateke je?"

"Mateke hajui hata yanarushwaje."

"Kelele, makofi, kipaza sauti?"

"Mama Jorie," akasema Mzee Orrin, "huyu akiwa uwanjani ni kama mtu yuko kanisani. Anajua kazi yake."

Akamtazama, akampa nafasi ya kuuliza la ziada. Nafasi yenyewe ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Lakini Verlene alikuwa ameshambusu Biskuti puani.

Asubuhi ya siku yenyewe Jorie alikuwa mjini tangu mapema, maana malkia ndiye anayegawa chapati za maji kwenye kifungua kinywa cha wazima moto. Verlene akaingia zizini na bandeji. Akaufunga mguu wa mbele wa Juniper, vizuri, kama nesi. Juniper alimtazama jinsi farasi anavyomtazama mtu asiyeeleweka. Kisha Verlene akapiga simu: mwanangu, Juniper anachechemea, lakini usihangaike, nimepata mwingine.

"Sawa," akasema Jorie. "Wa kuazima nimewazoea."

Ilibaki kofia. Siku hiyo Verlene hakuamini vibanio, hakuamini utepe. Alikuja na gundi ya kubandikia soli za viatu. Nywele za malkia, kama mnavyojua, nusu ni zake na nusu ni za kuunga, vile vishungi virefu vilivyokunjwa kama manyoya ya kondoo. Verlene akavibana vishungi kichwani, akabandika kofia kwenye vishungi, akashikilia mpaka ikakauka. Akavuta. Kofia haikusogea. Akajisikia amani ambayo hakuwa nayo tangu msimu uanze.

Jukwaa lilijaa. Nyumbani hakuna mgeni. Aliyekaa mbele yako alikuwa mwalimu wako, na aliyekaa nyuma anakumbuka ulivyokojoa kwenye mchezo wa Krismasi. Bibi Inga alikaa mstari wa mbele na mbegu zake. Verlene alisimama kando ya uzio, begi la huduma ya kwanza begani, kama siku zote.

Mtangazaji akataja jina, geti likafunguliwa, na Biskuti akatoka. Alitoka vizuri kuliko ilivyotarajiwa: shingo imenyooka, masikio mbele, usingizi umekwisha machoni. Wazee waliokaa juu wakaanza kugusana viwiko. Mmoja akavua miwani akaifuta.

Jorie akakata kona ya kwanza. Akakata ya pili. Alipofika mbele ya bibi yake akasimama kwenye vikanyagio vya tandiko, akainua mkono wa kulia juu kabisa, akaurusha mbele kumsalimia.

Sasa, Biskuti maisha yake yote alikuwa farasi wa kunasia ndama kwa kamba kwenye mashindano. Mpandaji akisimama na kurusha mkono, maana yake kamba imetoka na ndama yuko mwishoni mwake. Kazi ya farasi hapo ni moja: asimame papo hapo, matako yaguse mchanga, kisha arudi nyuma kuikaza kamba wakati bwana wake anaruka chini kumfunga ndama miguu. Biskuti alikuwa amefanya hivyo mpaka akastaafu kwa heshima. Akafanya tena.

Alisimama kama ukuta. Jorie hakusimama. Alipita juu ya bega la farasi, akatua kwa miguu miwili, akapiga hatua chache za mbio, akabaki wima, tabasamu limeganda usoni pale pale lilipokuwa. Kofia nayo iliendelea na safari. Gundi haikuachia, kwa hilo Verlene alikuwa sahihi. Kofia iliondoka na vishungi vyote, ikatua mchangani kama paka aliyejifunika kofia. Mbwa wa Mzee Orrin akapenya chini ya uzio, akaizunguka, akalala kifudifudi akiikodolea macho, vile vile anavyofanya kwa kondoo aliyetoroka.

Uwanja ulikaa kimya. Ungesikia Bibi Inga akitafuna.

Na katika kimya hicho Verlene aliruka uzio. Hakuna aliyejua anaweza. Alikimbia na begi linampiga mgongoni, akipiga kelele mwanangu asisogee, asiinue shingo, na hakuiona sehemu waliyomwagia maji ili vumbi lisitimke. Miguu ikatangulia, mwili ukafuata. Alianguka chali mbele ya binti yake, viatu juu, bandeji zimetapakaa.

Jorie alimtazama mama yake chini. Akamtazama Biskuti, aliyekuwa anarudi nyuma taratibu, kwa uangalifu, akiikaza kamba ambayo haikuwepo. Na akaelewa ni farasi wa kazi gani.

Akapiga goti. Akaikamata miguu ya mama yake, akaokota bandeji moja, akaizungusha kwenye vifundo mara mbili haraka haraka, akavuta fundo. Kisha akarusha mikono yote miwili hewani, jinsi mnasa ndama anavyofanya kuwaambia waamuzi nimemaliza, simamisheni saa.

Jukwaa lilipasuka. Watu wazima walilaliana. Mtangazaji alijaribu kusema akashindwa, akajaribu tena, hatimaye akatoa sauti: "Mabibi na mabwana, muda mzuri sana. Ndama ni mkubwa kidogo, lakini waamuzi wamekubali."

Kutoka mstari wa mbele Bibi Inga akauliza kwa sauti ya kawaida kama wanakusudia pia kumpiga chapa.

Verlene alilala pale, amefungwa miguu, anga lote la Montana usoni mwake, na alichowaza, Mungu amsamehe, ni kwamba ameshinda. Binti ameanguka. Kofia imedondoka. Watakwenda wote.

Wazo hilo alitembea nalo mpaka zizini, akilikumbatia. Jorie alikuwa ametangulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Juniper, nywele zake fupi za kweli zimesimama upande mmoja kwa gundi, anaifungua ile bandeji pole pole, mzunguko kwa mzunguko. Ilipokwisha akaupapasa mguu kutoka goti hadi kwato. Mguu ulikuwa safi. Juniper akaupiga chini mara moja, kama anayetoa ushahidi.

Jorie hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mama, msimu mzima nimepanda farasi wa watu. Anayeng'ata, anayejamba, mwenye jicho moja. Hakuna aliyeniangusha. Ameniangusha uliyenichagulia wewe."

Verlene alifungua mdomo kutaja sharti. Bibi Inga alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika kofia na vishungi vyake mkononi, mbwa nyuma yake hataki kuachana navyo.

"Haya, sema," akamwambia binti yake. "Sharti lilikuwaje? Mimi ndiye shahidi, nasubiri."

Verlene akaitazama bandeji iliyolala sakafuni. Aliifunga mwenyewe asubuhi ile, kwa mapenzi, na sasa ilionekana kama ilivyo: kitambaa cha kumfunga asiyeumwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za pikapu, zina tope. Akazifuta kwenye sketi, zikachafuka zaidi, akampa.

"Lakini weka minyororo ya theluji kwenye tairi," akasema.

"Nitaweka, Mama."

"Na ule chakula, si pipi."

"Mama."

Verlene akaishia hapo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuruka uzio.

Jorie aliondoka asubuhi moja ya baridi, na Verlene alibaki barazani na koti la mumewe, akipunga mkono mpaka tela ikamezwa na weupe. Siku ya shindano simu ililia mapema. Farasi wangegawiwa kwa bahati nasibu huko huko, akasema Jorie, na yeye amepata mmoja mweusi, mkubwa, aitwaye Jaji.

Maswali yakamjaa Verlene kinywani: bendera, mateke, kelele, meno. Aliyameza moja moja, kama dawa chungu. Akabakisha moja.

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

Huko mbali Jorie akacheka. Alisema hilo ndilo alilouliza kwanza, kabla hata ya jina. Jaji alikuwa anavuta gari la mazishi. Mwenye farasi alijibu hivyo tu, hakuongeza neno, ikabidi amuulize na la pili: na akisikia watu wanalia, anafanyaje?

"Anafanyaje?" akauliza Verlene, ameshika ukingo wa meza.

"Anakwenda taratibu sana, Mama. Kwa hiyo leo usilie."