Chupa Kubwa Nyumbani kwa Mwanatatu

Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, Mwanatatu alikiweka kigoda chake karibu na dirisha la jikoni, chini ya swichi. Kwenye swichi ile ulianzia waya mrefu uliopita dirishani, ukakatiza uwanja, ukaingia katika banda ambalo marehemu mumewe, Mzee Kiponda, alikuwa akikaushia nazi za mbata. Mbata haikuwepo tena, wala Mzee Kiponda hakuwepo, Mungu amrehemu. Ndani ya banda sasa mlikuwa na binti yao Jalila, kompyuta yake, spika mbili zilizofungwa kamba, na vijana thelathini hivi wakicheza muziki ambao pale Mtongwe haukuwa na jina. Mishi, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliuita "ile mashine-mashine yenu".

Muziki wenyewe haukuwa na mwimbaji wala maneno. Hilo ndilo lililomtuliza Mwanatatu, kwani aliusikiliza majuma matatu mfululizo akitafuta tusi, asilipate. Ulikuwa mdundo na mngurumo, na katika kipande kilichopendwa kuliko vyote, mlikuwa na mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ile ilikuwa yake yeye. Jalila alimrekodi siku moja akikuna nazi za wali, na tangu hapo vijana wa kutoka Magongo hadi Mwakirunge walirusha mikono juu kila mkwaruzo ule ulipoingia. Mwanatatu alijifanya hana habari. Lakini siku hizi alipokuna nazi, alikuna kwa mpangilio.

Alipowapa banda alitoa masharti mawili. La kwanza, ndala zibaki mlangoni, kwani ndani mna mikeka. La pili, adhana ya magharibi ikianza, sauti izimwe papo hapo. Wa kusali akasali, wa kwenda zake aende. Mwaka mzima sharti hilo lilitimizwa na kidole chake mwenyewe. Mwadhini hakufika mbali kabla swichi haijashuka. Jalila hakuwahi kuzima kwa mkono wake, na wakati mwingine Mwanatatu, akiwa juu ya msala, alijiuliza kama angezima. Swali hilo alilikunja pamoja na msala, akaliweka.

Kisha akaja Erastus.

Alitoka Nairobi, ametumwa na kampuni ya soda mpya iitwayo Burudiko, naye alivaa viatu vyeupe pepe. Alipoambiwa avivue mlangoni, soksi moja ikaonekana ina tundu, na kidole gumba kikachungulia uwanja mzima.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, mlicho nacho hapa ni cha asili kabisa. Kampuni imekipenda, inataka kufanya onyesho hapa Jumapili moja. Hatutabadilisha chochote."

Kisha akafungua karatasi, akaanza kusoma yasiyobadilishwa. Banda ni dogo, kwa hivyo jukwaa litajengwa uwanjani. Mikeka itaondolewa, vitaletwa viti. Viatu vitavaliwa. Waya wa jikoni ni hatari, litakuja jenereta. Na ule mkwaruzo, samahani, unaumiza masikio kidogo. Mahali pake patiwe sauti ya chupa ya Burudiko ikifunguliwa.

"Mbuzi yangu imekosa nini?" Mwanatatu aliuliza.

"Haijakosa, Mama. Ila mtu akisikia *pssss*, anapata kiu."

"Na akisikia nazi ikikunwa anapata njaa. Si bora njaa? Atakula wali."

Mishi alicheka mpaka akashika ukuta. Erastus naye alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, bila shaka si wali.

Mwanatatu angeweza kukataa hapo hapo. Lakini Erastus aligeuka akaitazama nyumba, akasema kampuni itaipaka rangi yote, mbele na nyuma. Tusifichane: hapo Mwanatatu alilegea. Ukuta ule haukuwa umeona brashi tangu Mzee Kiponda alipokuwa na nguvu za kupanda ngazi. Tena aliahidiwa kiti cha mbele, chenye kitambaa cheupe na utepe nyuma. Jalila aliahidiwa spika mpya, na muziki wake kuonekana moja kwa moja kwenye simu za watu nchi nzima.

"Lakini," Mwanatatu alisema, "hapa kwetu kukiadhiniwa, huzimwa."

"Bila shaka, Mama. Tunaheshimu dini zote."

Nyumba ikapakwa. Rangi ikawa ya machungwa, kali ya kuumiza macho, na ukutani ikachorwa chupa ndefu kumshinda mtu.

"Shoga," Mishi alimwambia, "leo nimempa mgeni njia ya kwangu. Nikamwambia ukiona nyumba inapiga kelele, mimi ni wa pili."

Siku mbili kabla ya onyesho, Erastus alileta ratiba. Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa chupa ya mpira, ya kujazwa upepo kwa feni ya umeme, ambayo ingeinuka nyuma ya Jalila wakati muziki umepamba moto. Mwanatatu alivaa miwani, akatafuta saa.

"Saa kumi na mbili na nusu? Hiyo ni magharibi, mwanangu."

"Hapana, Mama, hatujaweka wakati wa sala. Huo ni wakati wa jua kuzama. Picha zitatoka nzuri."

Mwanatatu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuwa kesho si Ijumaa, ni siku inayofuata Alhamisi. Alifungua mdomo amweleze, lakini akamwona Jalila ameinama, anafuta kompyuta isiyokuwa na vumbi. Jalila alikuwa amesikia kila neno.

Erastus alipoondoka, Mwanatatu aliita, "Jalila."

"Abee, Mama."

"Umesikia."

"Nimesikia. Mama, ikiwa ni mara hii moja tu? Watakuwa wakitazama watu nchi nzima. Nikizima wakati huo, hawaniiti tena maisha."

Mwanatatu alikuwa na majibu saba mdomoni, yote makali. Akayameza. "Mimi sina swichi, mwanangu. Wameleta jenereta. Swichi unayo wewe."

Usiku ule sala yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Siku ikafika. Watu walijaa, wengi wageni, na viatu vyao. Wale vijana thelathini wa zamani walisimama nyuma kabisa wameshika ndala mikononi, hawajui waziweke wapi. Mwanatatu alikalishwa kwenye kiti chenye utepe, Mishi pembeni, akaona ya kwamba kiti kile kilipendeza zaidi kwa kutazamwa kuliko kukaliwa. Kipande kilichopendwa kilipopigwa, ikaja *pssss* badala ya mbuzi. Mikono ya vijana ilipanda nusu, ikashuka.

Jua likateremka nyuma ya minazi. Erastus akampa ishara mtu wa feni. Chupa ya machungwa ikaanza kuvimba nyuma ya Jalila: kwanza tumbo, halafu shingo, mpaka ikasimama juu kupita banda, inang'aa. Simu zikainuliwa. Mdundo ukazidi.

Na msikiti wa mtaani, ambao haukupewa ratiba, ukafungua kipaza sauti.

*Allahu akbar, Allahu akbar.*

Kidole cha Mwanatatu kilijikuta kinabonyeza hewa. Alimtazama binti yake. Jalila alimtazama Erastus, aliyekuwa akizungusha mkono: endelea, endelea! Akaitazama kamera. Kisha akateremsha mtandio ukamfunika kichwa vizuri, akanyoosha mkono, na sauti yote ikakatika.

Kulibaki adhana, na jenereta ikinguruma. Fundi wa jenereta, aliyekaa nyuma bila kuona jukwaa, alipoona muziki umekufa alidhani mashine yake ndiyo yenye makosa. Akairukia, akazungusha hiki, akavuta kile, mpaka akaizima kweli.

Feni ikasimama. Ile chupa kubwa ikasita, ikalegea kiunoni, halafu polepole, kwa adabu zote, ikainama mbele.

"Lo!" Mishi alinong'ona. "Hata chupa imerukuu."

"Astaghfirullah, Mishi!" Mwanatatu alisema, na leso ameiuma kwa meno, mabega yakimtikisika.

Vijana wa nyuma walikwishazielekea ndoo za maji za kutawadhia, kama Jumapili yoyote. Kwenye simu za nchi nzima kulionekana uwanja mtulivu, na Erastus peke yake akipambana na shingo ya chupa.

Waliporudi kutoka kusali, walimkuta anatabasamu. Simu yake ilikuwa ya moto.

"Mama! Jalila! Watu wamekipenda kile kimya kuliko muziki. Ofisi inasema tukiweke kila Jumapili. *Kimya hiki mmeletewa na Burudiko.*"

Mwanatatu alitaka kujibu, lakini Jalila alimtangulia.

"Na mwadhini, Kaka Erastus, mtamvisha fulana ya Burudiko?"

Erastus alifikiri kwa makini sana. "Anavaa saizi gani?"

Hapo hata Jalila alishindwa, akakaa chini jukwaani, akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi, alimwambia kwa upole kwamba spika wazichukue, ila kabla ya kuondoka wamsaidie kurudisha mikeka.

Jumapili iliyofuata, waya ulipita tena dirishani. Ndala zilijaa mlangoni. Nyumba ilibaki ya machungwa, kwa kuwa rangi hairudishwi, na Mishi hakuchoka kuisema. Jua lilipoinama, Mwanatatu aliinua kidole kwenye swichi, akasubiri. Mwadhini alikohoa kidogo kwenye kipaza sauti, kama ilivyo desturi yake, na kabla hajatamka neno, banda lilikuwa limenyamaza.

Swichi haikuguswa.

Juma lililofuata Mwanatatu alikitoa kigoda pale dirishani, akakipeleka upande wa pili wa jiko. Huko ndiko iliko mbuzi yake, na nazi za wali wa watu thelathini hazijikuni zenyewe.