Mablanketi Mawili ya Mzee Alojz

Katika kiwanda cha sofa pale Wetherill Park, Sydney, Fébronie Niyonsaba ndiye aliyepewa ngozi nene zilizowashinda wengine. Kushona alijifunzia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kwenye cherehani ya kukanyaga ambayo mkanda wake ulikuwa kamba tu, na mtu aliyejifunzia hapo haogopi kitambaa. Kwa hiyo Mzee Alojz alipokuja kiwandani siku moja ya Machi 2008, mwaka mzima baada ya kustaafu, hakupitia ofisini kusalimia wakubwa. Alikatiza katikati ya cherehani mpaka kwa Fébronie, akamwuliza kama anaweza kushona waya.

Alojz alikuwa Mslovenia, na kwa miaka ishirini na mitano ndiye aliyetengeneza mashine za kiwanda kila zilipokwama. Ujanani kwao aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha ski, zile mbao mbili ndefu na nyembamba ambazo watu hujifunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, mjane, na mikono yake ilianza kutetemeka. Alitaka kuunda jozi moja ya mwisho kabla mikono haijamgomea. Mashine ya kuzigandamiza alikuwa ameshaisimamisha kwenye gereji yake ya Smithfield, kwa vyuma vizito na mpira wa zimamoto uliojazwa upepo. Kilichobaki ni joto. Mbao, plastiki na vitambaa vya nyuzi za kioo hushikanishwa kwa gundi, na gundi ile hutaka ipikwe kwa nyuzi joto themanini, juu na chini, urefu wa mita mbili, pasiwe na mahali palipozidi pengine. Mablanketi ya umeme ya kazi hiyo yaliuzwa ng'ambo, lakini Alojz hakuwa mtu wa kununua kitu anachoweza kukiunda.

Fébronie akamwambia kushona anaweza, ila umeme haujui. Anayeujua ni mume wake. Maneno yalipomtoka tu akatamani kuyameza.

Maana mumewe, Térence Kwizera, hakuwa amegusa umeme tangu wafike Sydney. Bujumbura alikuwa fundi umeme mwenye cheti, na kambini ndiye aliyefufua redio za watu kwa betri zilizokwisha kutupwa. Cheti kiliungua pamoja na nyumba mwaka 1993. Mwaka 2005, miezi miwili baada ya kufika, alikwenda ofisi moja kuomba leseni. Akaulizwa karatasi. Alipoeleza habari ya moto, karani akamwambia kwa upole kwamba pasipo karatasi yeye si fundi. Térence alirudi nyumbani Fairfield, akaweka koleo, bisibisi na mita yake ya kupimia umeme juu ya kabati, akatafuta kazi ya kupanga makasha ghalani. Taa ya jikoni ilipokufa, walipikia gizani wiki nzima wakimsubiri mtu wa mwenye nyumba. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomkata Fébronie maini. Mwanamume aliyezoea kumsikia akigombana na redio mbovu kama anagombana na mbuzi mkaidi, siku hizi alikula, akashukuru, akanyamaza.

Alipomletea habari ya Alojz, Térence alitikisa kichwa. "Mama Nella, hapa mimi si fundi. Waliniambia."

Fébronie hakubishana naye. Alimwomba tu ampeleke Smithfield kwa gari Jumamosi, kwa kuwa basi la huko lilikuwa la kubahatisha.

Jumamosi hiyo Térence alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, akimtazama Alojz akieleza mpango wake. Waya ulikuwa wa aina ile iliyomo ndani ya pasi, ule unaowaka joto umeme ukipita. Alojz alikusudia kuulaza kwenda na kurudi juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, aufunike kwa silikoni, kisha achomeke ukutani. Térence alivumilia mpaka hapo. Akainuka, akauliza kwa Kiingereza chake cha ghalani waya wa ardhi uko wapi. Haukuwapo. Akauliza swichi ya usalama iko wapi, na transfoma ya kupunguza nguvu. Alojz alijikuna kichwa, kisha akamsogezea penseli na karatasi.

Tangu siku ile Jumamosi zao zikawa za Smithfield. Fébronie alikata vitambaa, Alojz aliranda mbao, Térence alipiga hesabu za waya na kuzirudia mara tatu. Saa sita walikula maharage ya Fébronie kwa mkate mweusi wa Alojz, na Alojz akaanza kumwita "Mama" bila kufundishwa na mtu.

Blanketi la kwanza lilipendeza machoni. Walipanga ski mbili za majaribio, wakajaza upepo, wakawasha. Baada ya dakika arobaini gereji ikanuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Walipofungua walikuta alama nyeusi kwenye mbao, ukubwa wa kiganja, na kitambaa juu yake kimekakamaa kama ganda. Alojz akasema mbona ni mbao tu. Térence alikunja nyaya zake taratibu, na njiani kurudi, walipofika kwenye taa za barabarani, akasema karani yule alikuwa mkweli. Jumamosi iliyofuata hakutoka kitandani mpaka saa nne.

Fébronie akapanda basi peke yake. Alimwomba Alojz kisu chembamba, akaketi mlangoni palipokuwa na mwanga, akalichana blanketi kidogo kidogo kama anavyofumua pindo la nguo ya mteja. Ilimchukua saa mbili. Alipofika penye weusi aliona kilichotokea: silikoni ilikuwa imesogea chini ya uzito wa mashine, na kwenye kona moja mistari miwili ya waya, iliyopaswa kuachana kwa vidole viwili, ilikuwa imelaliana. Akaikata kona ile, akakizungushia gazeti kile kipande, akarudi nacho Fairfield, akakiweka mezani mbele ya mume wake, kando ya kikombe cha chai.

"Tazama hapa, Baba Nella," akasema. "Hesabu zako hazina kosa. Waya haukushikwa. Hili kosa ni la mshono, na mshono ni wangu."

Térence akapitisha ukucha juu ya kona ile, huku na huku. Kisha akasogeza kiti mpaka kabatini, akapanda, akateremsha mita yake, akaifuta vumbi kwa shati. Chai ikapoa. Alianza kupima, na alipoanza kupima akaanza kuongea: waya huu mkaidi, waya huu hauna adabu, ungesema mapema usingetuaibisha. Fébronie aliingia jikoni kupika, akalia kidogo mbele ya vitunguu ambavyo alikuwa hajavikata.

Blanketi la pili alilishona lote kwa mkono, kisha na la tatu liwe mwenzake. Alichora njia za waya kwa chaki, kila kona akaizungusha kwa kizibo cha soda ili zifanane, akaubana waya kwa uzi wa kioo, mshono mmoja kila upana wa kidole. Nyuzi za kioo zikamchoma vidole mpaka vikavimba. Jioni Térence alimshika mikono akaipaka vaselini, kidole kimoja kimoja, huku akimweleza kwa nini umeme hupenda njia fupi, jambo ambalo Fébronie alikuwa ameshalisikia Bujumbura kabla hawajaoana. Alimwacha aeleze tena.

Mablanketi mawili yalipokamilika, la juu na la chini, Térence akagoma kuyawasha. Alitaka fundi mwenye leseni ayakague kwanza. Alojz akamwita Kiprono, Mkenya wa Bankstown aliyewahi kuwekea kiwanda taa. Kiprono aliingia ameshika funguo za gari kama mtu wa dakika tano, akakaa saa nzima. Alifuata kila waya kwa kidole, akajaribu swichi ya usalama, akapima bati la kufunikia blanketi na waya wake wa ardhi. Mwisho akamgeukia Térence.

"Mzee, kazi hii ni safi. Leseni yako ni ya wapi?"

Térence akamweleza, kwa maneno machache, habari ya cheti na maneno ya karani. Kiprono akasikiliza mpaka mwisho.

"Walikwambia ukweli, lakini hawakuumaliza," akasema. "Asiye na karatasi anaweza kuomba apimwe kwa kazi ya mikono yake. Ni mwendo mrefu na kuna masomo ya kuongezea. Ukitaka, nitakuwa shahidi wako kwamba nimeiona kazi yako."

Térence alisema atafikiri. Fébronie alimjua: akisema hivyo kwa sauti ile, amekwisha kuamua.

Wakawasha. Kuona kama joto ni sawa, Fébronie alidondosha nta ya mshumaa juu ya bati, tone moja kila shubiri, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanne wakainama kutazama. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha tone la kati likang'aa, na la jirani, na kabla dakika haijaisha yote yakawa maji. Alojz akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Ski halisi zilipikwa Jumamosi iliyofuata, zikatoka zimeshikana kama zilizozaliwa hivyo. Agosti, ambayo huko ni majira ya baridi, Alojz akawaendesha mwendo wa saa sita hadi milimani. Fébronie hakuwa amewahi kuiona theluji kwa macho. Mzee aliteremka mlima mara mbili, polepole, akiimba kwa lugha ya kwao, na mara ya pili alipofika chini alikaa akacheka hadi akakohoa. Halafu akamfunga Fébronie zile ski. Wanaume wawili wakamshika huku na huku, akateleza hatua kumi hivi akimwita Mungu kwa Kirundi, wakaanguka wote watatu.

Térence alipimwa mwaka uliofuata, akasoma jioni pamoja na vijana wa umri wa binti yake, Nella. Barua ya leseni ilifika siku ya kazi, Novemba 2009. Akampigia mkewe simu kiwandani. Cherehani zilikuwa zinanguruma pande zote, na Fébronie hakuambulia hata neno moja. Lakini mume wake alikuwa anaongea mbio, bila kupumua, akaongea na kuongea, naye akabaki amesimama katikati ya kelele, simu sikioni, akisema ndiyo, Baba Nella, ndiyo.