Mwisho wa Mstari wa Nne

Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi, karani wa kumbukumbu wa Idara ya Maji alifungua faili la watumishi wa zamani, akasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi, akamwita Mama Mkwe.

Mama Mkwe ilikuwa programu ya kukagua maandishi. Ofisi nzima iliiita hivyo kwa sababu haikujali umeandika nini wala umeteseka vipi kuandika; ilitazama tu kama umemaliza kila mstari inavyotakiwa, na usipomaliza vizuri utasikia. Karani mwenyewe aliitwa Nukta, maana hakuweza kuiacha sentensi ya mtu bila nukta, hata ikiwa imeandikwa kwenye mlango wa choo. Wawili hao walielewana sana.

Siku hiyo Mama Mkwe alinuna. Faili lilikuwa na mistari thelathini na mmoja, na kila mstari ulikuwa na jina la mtu, kazi yake, na maneno yaleyale: *aliacha kazi kwa hiari*. Maneno hayo hakuyagusa. Aliandika tu kwamba mistari mitatu ya kwanza ina mwisho usiolingana na wa wenzake.

Fundi wa kompyuta aliitwa, akaja na karanga zake.

"Dada, haya ni mambo ya kizamani," alisema. "Kwenye taipureta, ukifika mwisho wa mstari unafanya mawili: unarudisha kigari mwanzo, halafu unashusha karatasi. Kompyuta za zamani zikarithi alama zote mbili, Rudi na Shuka. Hizi za sasa zimeona Rudi ni mzigo, zimebakiza Shuka. Huzioni kwa macho, ila zipo."

"Kwa hiyo hawa watatu wameambiwa warudi."

"Na wengine wameambiwa washuke tu. Ndiyo hivyo."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia wapiga chapa watatu wa zamani, mikoba kwapani. Wote walikuwa wamekwishazikwa. Nukta alihudhuria maziko ya wawili, kwa hiyo alianza na yule wa tatu.

"Shikamoo, mama. Unisamehe, sikufika."

"Marahaba. Wala hukukosa kitu, mvua ilitunyeshea mno. Nani kakalia kiti changu mpaka kikalegea hivi?"

Fundi aliinuka. Mlinzi akaleta daftari la wageni, kwa kuwa watatu hao hawakuwa na vitambulisho, na kila mmoja akajiandikisha.

Ilikuwa wiki njema. Taipureta zilitolewa stoo zikafutwa vumbi, na barua zilizolala miezi miwili zikatoka zote kufikia Jumatano. Akina mama hao walicheka kwa sauti na walijua siri za kila mtu, hata za waliokuwa bado hawajaajiriwa enzi zao. Watu waliacha kuchelewa kazini, wasije wakapitwa na maneno.

Nukta alifurahi pamoja nao, lakini roho yake ilikuwa kwenye mstari wa nne. Mstari wa nne ulikuwa wa mama yake mzazi, aliyekuwa mkuu wa wapiga chapa. Siku ile idara ilipowapunguza watu, ni yeye aliyepewa orodha aichape. Alichapa majina matatu ya rafiki zake kwenye kompyuta ya zamani, na alipofika kwenye la nne, ambalo ni lake, akaitwa chumba cha pili kutia sahihi barua ya kuacha kazi. Orodha ikamaliziwa na mtu mwingine, kwenye kompyuta mpya. "Mimi sikuacha kazi," alikuwa akisema hadi alipofariki. "Kazi ndiyo iliyoniacha."

Alhamisi bosi alipita. Faili lilitakiwa kuhamishwa kesho yake kabla ya saa sita.

"Miisho ilingane," alisema. "Sitaki hadithi."

Fundi alionyesha kitufe kimoja cha kuziondoa Rudi zote tatu. Mama wa kiti kilicholegea alisikia, akaanza kuifunika taipureta yake kwa kitambaa.

"Usihangaike, mwanangu," alimwambia Nukta. "Kuondolewa tumekuzoea."

Nukta aliona uchungu hadi machozi yakamlenga. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni, alimuuliza Mama Mkwe: ilingane kwa namna gani? Mama Mkwe akajibu kwamba namna yoyote, mradi iwe moja.

Ijumaa asubuhi alikunja mikono ya blauzi, akaanza kutia Rudi kwenye mistari ishirini na minane, mmoja mmoja. Alianzia chini kwenda juu, kwa sababu ule wa nne aliuogopa. Kadiri alivyopanda, mlango ulifunguka: wasoma mita, wachora ramani, mpishi wa chai, dereva aliyekuja akilalamikia maegesho. Mlinzi aliomba daftari jingine.

Alipoutia mstari wa nne alama, hakugeuka. Alisikia viatu anavyovijua, na mkono ukamgusa mgongoni.

"Kaa wima. Mpiga chapa hapindi."

"Mimi ni karani, mama."

"Karani naye ana mgongo."

Nukta akacheka na kulia kwa pamoja, na chai ikamwagika, safari hii juu ya kibodi. Ofisi nzima ilipiga makofi. Mama yake alivuta kiti, akasoma mstari wake kwenye skrini mpaka mwisho.

"Hiari!" alisema. "Hiari yenyewe ilikuwa na mlinzi mlangoni."

Bosi aliingia, akasalimia watu thelathini na mmoja kwa heshima, akauliza Mama Mkwe amesemaje.

"Hakuna kosa," alisema Nukta. "Lakini bosi, hapa pameandikwa waliacha kwa hiari."

"Mama Mkwe amelilalamikia hilo?"

"Hapana."

"Basi lihamishwe."

Likahamishwa.

Tangu hapo huja kila siku saa mbili kamili, na hakuna mahali idarani panapochekwa kama chumba kile. Vitambulisho hawajapewa, kwa kuwa faili linasema waliondoka wenyewe, hivyo husaini kama wageni. Mama yake Nukta husaini wa kwanza, kwa mwandiko wake ulionyooka. Penye *sababu ya kuja* huandika: hiari. Kisha huhakikisha ameweka nukta.