Pumzi Katika Chumba cha Barafu

Dadangu aliponijia kazini nilijua kuna jambo, kwa sababu dadangu hanijii kazini. Yeye hushona nguo za maharusi, nami nasimamia ghala la samaki waliogandishwa. Akirudi nyumbani na harufu yetu, wateja wanakunja pua. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, kiti akakikataa.

"Mpwa wako bado anang'ang'ania," alisema. "Anasema anakwenda."

"Hilo mtaa mzima unalijua, dada."

Mpwa wangu ni bintiye wa pekee, muuguzi. Kanisa lake lilikuwa linamtuma ng'ambo, kwenye mji mdogo ambako theluji hulala ardhini nusu ya mwaka, akawauguze wazee walioachwa peke yao majumbani na kusali nao. Mimi kanisani huenda kwa harusi na mazishi tu, kwa hiyo nilimtania tangu siku ya kwanza: "Hao si ndio waliotuletea dini? Sasa unawarudishia?" Akanijibu, "Mjomba, jirani akikuletea chakula, sahani hairudi tupu."

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Kanisani kwao, anayetumwa huwekewa mkono kichwani na mzazi wake mbele ya watu. Baba yake ni marehemu, na dadangu alikuwa amekataa katakata. Mchungaji alisema hawezi kumtuma mtoto aliyemtoroka mama yake. Binti naye akasema bila mkono ule haendi popote.

"Nimempa sharti," dadangu aliniambia. "Aingie kwenye chumba chako cha barafu. Akivumilia mpaka vijana wako wajaze lori moja, nitamwekea mkono. Akitoka kabla, mambo ya ng'ambo yaishe."

"Naye amesemaje?"

"Amekubali. Mtoto akililia wembe, mpe." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Ile mashine si unaweza kuikaza kidogo?"

"Samaki wana baridi yao. Siikazi wala siilegezi."

"Hata kwa dada yako?"

"Hata kwako."

Alinitazama kwa lile jicho la mkubwa kwa mdogo, jicho ambalo nimelikimbia tangu utotoni, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi walikuja wote wawili. Mpwa wangu alivaa koti la mitumba lililomfika kwenye vifundo vya miguu, mikono ya koti imemeza vidole. Mama yake, mshonaji anayesifiwa mji mzima, alikuwa amekataa hata kulipunguza. Wapakizi wangu walimwita Bi Koti papo hapo. Hasira zilinipanda, si kwa ajili yao, bali kwa ajili ya mambo yale yote, mama na mwana kupimana nguvu juu ya maboksi yangu ya samaki.

Nilimwingiza mwenyewe. Chumba kile ni kirefu, rafu zake zinafika darini, mabomba yamevaa barafu nyeupe, na mafeni yananguruma hata husikii hatua zako. Nilimpindulia kreti akakaa chini ya taa. Nikamwonyesha kitasa cha ndani.

"Ukiona vidole havikusikii, sukuma hiki utoke. Hakuna aibu."

"Mjomba, unanitakia nishinde au nishindwe?"

"Nakutakia vidole kumi."

Akacheka. Nikatoka, nikafunga.

Vijana walianza kupakia kutoka chumba cha pili, wakikimbia na maboksi kama wanaofukuzwa na nyuki. Dadangu si mjinga.

"Mbona leo wana mbio hivyo?"

"Wana njaa," nikasema.

Alisimama kwenye kidirisha cha mlango, akikifuta kwa kiganja. Ukungu ukarudi. Akafuta tena. "Simwoni," alisema. "Yu wapi? Mbona simwoni?" Nilimwambia yuko nyuma ya rafu. Alikwenda kuangalia lori, akarudi. Lori lilikuwa halijafika hata nusu.

"Fungua."

"Dada, sharti ni lako."

"Nimesema fungua!"

Nilimtupia koti la kazi mabegani, nikamfungulia, nikaingia nyuma yake. Baridi ilimpiga usoni akasimama kidogo, kisha akaenda mbele akishika rafu.

Mpwa wangu alikuwa amefumba macho, midomo inatetemeka, anasali. Kwa ngurumo ya mafeni hakutusikia. Tuliposogea, tukayasikia maneno.

"Naogopa, Bwana. Naogopa kumwacha. Jioni akiwa kwenye cherehani, usimwache peke yake. Macho yake yamechoka, Bwana. Usimwache mama yangu."

Na kila neno lilitoka na moshi wake. Jeupe, dogo, likapanda mbele ya uso wake, likasimama kwenye mwanga wa taa, likazidi kupanda. Kabla halijapotea, jingine lilishatoka. Nimefanya kazi humo miaka na miaka. Kinywa changu kimefuka kila siku, na nilichowahi kutoa humo ni matusi kwa wapakizi na hesabu za maboksi. Siku ile nilivua kofia. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama mtu aliyeingia mahali bila kubisha hodi.

"Ni nini hicho?" dadangu alinong'ona, na chake kikatoka pia, akashtuka, akajishika mdomo.

"Ni pumzi tu, dada. Ni baridi."

"Pumzi tu?" Hakuondoa macho kwa mwanawe. "Huyu nyumbani anasali chumba cha jirani na changu tangu mdogo. Namsikia kila siku. Nilidhani ni maneno. Kumbe alikuwa anatoa uhai wake."

Binti akafumbua macho. "Mama! Lori limejaa?"

"Bado."

"Basi toka, Mama, utaugua. Mimi nitamaliza."

Dadangu hakutoka. Alipiga magoti pale kwenye sakafu ya barafu, na gauni lake safi, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa mwanawe.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulichokuwa unamwambia."

Akasema. Alisema ndani ya kiganja kile, polepole, kwa meno yanayogongana, na nikaona uso wa dadangu ulivyobadilika joto lilipomgusa. Aliufumba mkono. Kisha akaufumbua juu ya kichwa cha mwanawe, akaukandamiza, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Wapakizi wawili walikuwa wamefika mlangoni kuuliza jambo. Wakasimama palepale, wala mimi sikuwafokea.

"Mama, lori bado."

"Lori na lijazwe na wenye lori. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie." Akajifuta kwa mkono wa koti langu. "Ila ukifika huko, usiwe unaniombea ndani ya nyumba. Toka nje, uniombee nje."

"Mama, nje kuna baridi."

"Ndiyo maana."