Masikio ya Fundi

Mume wangu ana masikio makali, na mimi ndiye wa kusema hivyo, maana nimeishi naye miaka ishirini na miwili. Ukigusa mfuniko wa sufuria jikoni, yeye aliye uani anauliza nani anapakua. Kwa hiyo mtanisamehe kama sikuwahi kuamini hata siku moja kwamba alasiri ile, ndani ya pikapu yetu ya zamani, hakunisikia.

Ni mwaka wa sita sasa. Tulikuwa tunatoka kununua vyuma. Yeye ni fundi wa milango na madirisha ya chuma; mimi nina duka la rangi, ukuta mmoja na karakana yake. Kiti cha mbele alikuwa amekipa mashine mpya ya kukatia vyuma, kaifunga mkanda kama mgeni wa heshima, mimi nikakaa kiti cha nyuma na makopo yangu ya rangi. Mama yangu alikuwa mgonjwa, anauguzwa na mdogo wangu wa kike katika nyumba iliyo hatua chache kutoka barabara kuu. Asubuhi nilikuwa nimempigia mdogo wangu simu kwamba tukirudi tutapita. Tulipoikaribia njia ya kuingilia nikasema, "Simama kwa mama." Nikarudia. Mara ya tatu nikapaza sauti. Yeye akapita na mwendo wake wa themanini, macho mbele, shingo imemkakamaa. Nilipomshika bega tulikuwa tumeshavuka daraja. Akasema hakusikia, gari lina kelele, na kwa mteja ameshachelewa, tutakuja kesho. Mama alikata roho siku hiyo hiyo kabla jua halijazama.

Nilisema nilichokijua: alinisikia, akajifanya kiziwi. Nilisema msibani, nikasema baada ya msiba, mpaka kaka yangu mkubwa akatuita sebuleni kwake tukae kikao. Mume wangu akaapa mbele ya watu wazima tisa kwamba hakusikia neno. Akaita shahidi, na shahidi wake alikuwa gari. Matairi yale yenye meno makubwa, ekzosi ile iliyotoboka, nani asiyeyajua? Wakaitikia kwa vichwa. Kaka akahukumu kwamba uchungu wa kufiwa umenipanda kichwani, na kwamba mke hamzulii mumewe. Nikaambiwa nimwombe radhi. Nikapiga magoti kwenye zulia la kaka yangu, mimi niliyepitishwa mlango wa mama yangu, nikamwomba radhi aliyenipitisha.

Watu husema ya kale hayanuki. Yangu yalinuka kila asubuhi nilipopanda gari lile. Sikutaka kumwacha wala kumtilia kitu chakulani. Nilitaka kaka yangu asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba sikusema uongo. Basi. Nikakaa kimya nikingoja, na simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mwaka huu pikapu ikafa, injini ikapasuka katikati ya barabara, na mgongo wa mume wangu nao haukuwa na hali nzuri. Daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba miaka ya kutikiswa imembana pingili za kiuno, atafute gari lenye kiti cha maana na springi laini. Hapo ndipo nilipoiona nafasi yangu. Tukakubaliana kununua pikapu kwa ubia, yeye na mimi, na nikasema kwa upole wote niliojaliwa kwamba ni vizuri tumwite na kaka, ana uzoefu wa magari. Mume wangu akafurahi. Anampenda shemeji yake tangu siku ile ya kikao.

Kwenye ukumbi wa magari tulipokelewa na dada mmoja wa mauzo, mtu mzima, kavaa viatu vya chini vya kutembelea, anajua kazi yake. Alituuliza gari litafanya nini. Nikamjibu mimi: nyumbani hadi kazini, kilomita kumi na nane, lami tupu, kwenda na kurudi, na mara moja moja mzigo wa mageti. Hakupoteza muda. Akatupeleka kwenye toleo la barabarani. Matairi yake ni ya lami, springi za nyuma ni za mviringo kama za gari dogo, vioo vya mbele vina tabaka mbili, sakafu imetandikwa zulia zito juu ya sponji, na kiti cha dereva kina mto wa kiuno unaojaa na kupungua kwa kitufe. Alifunga mlango, na kelele za karakana ya jirani zikabaki nje.

Mume wangu alipita mbele ya gari hilo akaenda moja kwa moja kwenye gari la pembeni yake. Lilikuwa toleo la porini: limenyanyuka juu, bamba la chuma chini ya tumbo, springi za vyuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, na matairi yenye meno makubwa, ndugu wa toka nitoke wa yale ya zamani. Akalipiga teke la mapenzi. Mtu ambaye pori alilolijua ni majani ya nyuma ya karakana.

Yule dada alimweleza ukweli, na nampenda kwa hilo. Alisema toleo hilo ni zuri kwa watu wa machimboni na mashambani, lakini kwenye lami meno yale yananguruma, na ukifika themanini anayekaa nyuma inabidi apaze sauti. Akasema wateja wengi hujaribu gari huku redio inaimba, hawajui wamenunua nini mpaka wafike nyumbani. Akashauri tujaribu redio ikiwa imezimwa, kwenye barabara ya kawaida, kwa mwendo tunaouzoea.

Nikasema hapo hapo kwamba mimi hilo silitaki, kelele zake ni kama za lile la zamani, tutashindwa kusikilizana. Nilisema kwa sauti ya mke mlalamishi, kwa sababu najua mume wangu akisikia sauti hiyo lazima abishe.

Akabisha. Akamwambia yule dada kwamba kelele ni woga wa wasiojua magari. Fundi, alisema, masikio yake yanachuja. Yeye kwenye pikapu yake ya zamani alisikia beringi ya gurudumu la nyuma ikianza kuugua miezi miwili kabla haijafa. Alisikia nati moja ikicheza kwenye karia. Kaka yangu akacheka, akamwambia shemeji usitie chumvi. Mume wangu akaingia barabarani akiwa na jambo la kuthibitisha.

Tulikaa hivi: yeye kwenye usukani, kaka pembeni yake, mimi nyuma ya dereva, mahali nilipokaa siku ile, na dada wa mauzo kando yangu. Redio imezimwa. Tulipotoka kwenye mataa akakanyaga mafuta, na matairi yakaanza kuimba wimbo wao ninaoujua, mnene, wa kutoka chini ya miguu. Nilimwomba Mungu anipe sauti ya kawaida, isiwe ndogo wala kubwa. Sindano ya mwendo ilipofika themanini nikasema, "Ukifika kituo cha mafuta, tugeuze."

"Nimesikia, kituo cha mafuta," akajibu bila kugeuka, na akamtupia kaka jicho la ushindi.

Nikashusha sauti zaidi, ile ya kumsemesha mtu mliyelalia mto mmoja. Nikamuuliza kati ya hili na letu la zamani ni lipi lenye kelele zaidi.

"Hili limezidi kidogo," alisema. "La kwetu lilikuwa kimya kuliko hili, watu mlilisingizia tu. Mimi mle ndani nilikuwa nakusikia hata ukinung'unika peke yako huko nyuma. Neno kwa neno."

Mdomo huponza kichwa. Alikuwa bado anatabasamu, mkono mmoja juu ya usukani, ameshinda ubishi na amepata gari lake. Kaka yangu hakutabasamu. Nilimwona akigeuza kichwa polepole, akamwangalia shemeji yake, kisha akageuka mpaka nyuma akaniangalia mimi. Nilikuwa nimengoja miaka sita, sikuona haja ya kuharibu kwa pupa.

Kaka akamwambia asimame pale kituoni. Aliposimama, akazima injini mwenyewe kwa kunyoosha mkono, jambo ambalo si adabu kwa gari la watu, na yule dada wa mauzo akaelewa kwamba limeingia jambo lisilo la magari, akashuka kwenda kuangalia matairi yasiyokuwa na tatizo.

"Shemeji," kaka alisema, "uliniapia sebuleni kwangu."

Mume wangu akafungua mdomo. Nikaona akilitafuta lile gari la zamani alisimamishe tena kuwa shahidi, na gari halikuwepo. Alikuwa amelikana yeye mwenyewe dakika mbili zilizopita. Akaiweka mikono juu ya magoti.

"Nilimsikia," akasema. "Nilimsikia tangu mara ya kwanza. Mteja alikuwa ananisubiri na geti lake, nikajua tukiingia pale kwa mama hatutoki chini ya saa mbili. Nilidhani kesho ipo."

Kaka akanigeukia. Macho yalikuwa yamemlowa. Akasema, "Mdogo wangu, nilikupigisha magoti bure." Akataka kunishika mkono kupitia katikati ya viti. Nilimpa, lakini nilimwambia kwamba walioniona nimepiga magoti walikuwa tisa, na wote tisa wako hai, kwa hiyo aanze kuwapigia simu. Akazipiga jioni ile ile, mmoja baada ya mwingine, nimekaa mbele yake, safari hii kwenye kiti kilichowekwa juu ya zulia lile lile.

Pikapu tulinunua ya barabarani. Mume wangu alitia sahihi pale nilipomwonyesha, hakuuliza tena kuhusu porini. Dada wa mauzo alitukabidhi ufunguo, akatutakia safari njema, akanikazia macho kidogo kama mtu anayetaka kuuliza akajizuia.

Watu wa kwetu wanadhani kisasi changu kiliishia kituo cha mafuta. Mashoga zangu wa dukani walinipongeza, wakasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakujua kwa nini nililing'ang'ania toleo lile, vioo vya tabaka mbili, zulia zito na matairi ya lami. Walidhani ni kwa ajili ya mgongo wake. Mgongo nao umepona, sikatai, analala vizuri siku hizi. Lakini mimi nilikuwa na neno moja nililolitunza miaka sita, ambalo mdogo wangu aliniambia siku ya maziko nikamkataza asimwambie mtu. Ndani ya gari la zamani nisingelitoa, angesema hakusikia. Nililitafutia mahali ambapo hata pumzi inasikika.

Nilimwambia asubuhi ya kwanza, tukiwa wawili, nimekaa kiti cha mbele. Lami ilikuwa inapita chini yetu bila sauti. Akanyoosha kidole kuwasha redio, nikamwambia aache, akaacha.

Nikamwambia: "Mama alitusikia tukija."

Nikaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilimwambia pikapu ile ilijulikana mtaa mzima, ngurumo yake ilitangulia kabla yake. Mama alikuwa hajainuka kitandani siku nne. Alipousikia mngurumo ule unakuja, akamwambia mdogo wangu, "Hao, wamefika." Akaomba aketishwe. Akaomba kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani, kwa sababu hakutaka mkwewe amkute kichwa wazi. Mdogo wangu akamfunga. Mngurumo ukakaribia, ukafika mlangoni, ukapita, ukaenda ukififia mpaka darajani. Mama akausikiliza mpaka mwisho.

Mume wangu alipunguza mwendo mpaka wa nyuma yetu wakaanza kupiga honi, na hata honi zenyewe zilitufikia kwa mbali. Alikuwa analia, na nilisikia kila kitu, alivyovuta makamasi, alivyomeza mate, kucha zake kwenye ngozi ya usukani. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Nilifurahi, sitadanganya, ila furaha yenyewe ilikuwa na uchachu na haikudumu mpaka dukani.

"Halafu akasema nini?" akaniuliza.

"Hakulalamika," nikamwambia. "Alikaa na kitambaa chake kichwani, anautazama mlango. Mdogo wangu alimwambia alale, akakataa. Mama akamwambia labda tumekwenda kugeuzia mbele."