Samaki Mmoja na Chujio la Vernon

Vernon Lindqvist alipostaafu udereva wa malori mjini Duluth, alinunua tangi dogo la samaki, samaki mmoja mwekundu wa aina ya beta na chujio kubwa la umeme. Alipoliwasha, maji yalimsukuma samaki mpaka kwenye kona.

"Wewe mzee, hili ni tangi au mto Mississippi?" mkewe Arlene aliuliza. "Samaki mwenye mapezi marefu hivi anataka maji yaliyotulia."

"Mashine kubwa inasafisha vizuri."

"Na inamuua. Weka lile chujio dogo la sponji lililokuja na tangi."

Vernon alinung'unika, lakini akalibadilisha. Viputo vikapanda taratibu. Beta akatoka konani, akakunjua mapezi yake yote.

"Mwone anavyoringa!" Arlene alisema.

"Kama wewe siku ya harusi," Vernon akajibu, akamsogezea kiti wamtazame pamoja.