Walinzi wa Baba Mirae

Tiketi za treni za sikukuu ya mavuno ya Chuseok zilikuwa zianze kuuzwa kesho yake saa moja asubuhi, na kompyuta ya Deokrye, pale nyumbani kwao Suwon, ilikuwa inauza viatu.

Kila alipoandika anwani ya shirika la reli, kivinjari kilimpeleka kwanza kwenye ukurasa asioujua, wenye rangi ya pipi, kisha pembeni yakachomoza matangazo: viatu, dawa ya kuotesha nywele, mkopo wa haraka. Akifunga mawili, yanakuja matatu. Na tiketi zile huisha kabla chai haijapoa. Mwaka uliopita walizikosa hivi hivi, wakabaki Suwon wakila songpyeon za dukani, yale maandazi ya mchele ya sikukuu, ngumu kama sabuni.

Mwaka huu hazikuwa za kukosa. Dada yake Bunnye, kule Suncheon, alikuwa ameuza nyumba waliyozaliwa. Baada ya sikukuu anahamia kwa mwanawe na nyumba inabomolewa. "Njoo ulale chumba cha mama mara ya mwisho," alisema kwenye simu, kisha akakata upesi, kwa kuwa si mtu wa kulia akisikiwa.

"Hivyo ni virusi," alisema mumewe, Gyusam, akimenya pea kwenye kochi. "Lakini usiwe na wasiwasi. Nilishaweka walinzi."

"Walinzi gani, Baba Mirae?"

"Wapo wengi tu."

Deokrye akavaa miwani, akavuta kiti. Alikuwa amesoma kompyuta kwenye kituo cha wazee, amekaa mstari wa mbele majira mawili ya baridi. Gyusam alikwenda siku moja, akarudi akisema mwalimu ni mdogo kuliko koti lake.

Alifungua orodha ya programu zote zilizomo, akaipanga kwa tarehe ya kuingia. Hapo ndipo aibu ilipojianika. Siku moja ya Aprili lilikuwa limeingia kundi zima kwa mpigo, kama wageni waliosikia harufu ya nyama. Ndiyo siku ambayo Gyusam alipakua mchezo wa karata za hwatu, wa bure.

"Ulipoweka hizi karata, uliona visanduku vidogo vya tiki chini?"

"Niliviona. Vilikuwa vimeshatiwa tiki. Sikutaka kuharibu kazi ya watu."

Deokrye alimtazama namna mtu anavyomtazama kuku aliyeingia jikoni.

"Unanitazama nini, Mama Mirae? Benki ikisema weka mlinzi huyu, la sivyo hela zako huzioni, tunaweka. Ofisi ya kodi ikisema weka, tunaweka. Miaka yote tumefundishwa kubonyeza ndiyo. Mimi nijue vipi kwamba huyu ni mwongo?"

Hilo lilikuwa na ukweli, ila Deokrye hakumpa raha ya kulisikia. Nchi nzima ilikuwa imezoea kuinamia kila dirisha lenye neno usalama, na matapeli walilijua hilo, wakavaa kofia za askari. Mmoja alijiita Ngao Safi. Mwingine Mlinzi Mwema. Wa tatu, Msaidizi wa Manunuzi, hakujisumbua hata kudanganya vizuri.

Kwanza akafungua ukurasa wa benki yenyewe, akaangalia majina ya walinzi wao wa kweli, akawaacha hao. Waliobaki hawakuwa na mwenyewe. Akaanza kuwatoa.

Mbona walilia. Ngao Safi ilitoa dirisha: una uhakika, kompyuta yako itakuwa hatarini. Kitufe cha kubaki kilikuwa kikubwa, kijani, kinang'aa. Cha kuondoa kilikuwa kidogo, cha kijivu, kimejibanza pembeni. Mlinzi Mwema alimtaka anakili herufi zilizopindapinda kama minyoo ndipo akubali kuondoka.

"Kuingia wameingia kwa tiki moja," alisema Deokrye. "Kutoka wanataka tufanye mtihani."

Akakitazama na kivinjari: kilikuwa kimebandikwa kiongezo cha kupeleka watu kule kwenye pipi, akakifuta. Akarudisha ukurasa wake wa mwanzo. Akachungulia sifa za ile alama ya kufungulia kivinjari, akakuta mwishoni imening'inizwa anwani ya wale wale, kama mkia. Akaukata. Kisha akazima kompyuta, akaiwasha upya.

Rangi ya pipi ikamtazama tena.

"Nilikwambia ni virusi," alisema Gyusam. "Hebu nimwite Daktari."

Daktari wa Kompyuta, programu ambayo Deokrye aliisaza kwa ajili yake, alikuwa kipenzi chake. Kila baada ya chakula cha jioni alikuwa akimfungulia na kumsikiliza akihesabu magonjwa. Akabonyeza. Magonjwa mia tatu na kumi na nne. Akabonyeza tibu. Ikaandikwa: umepona.

"Unaona?"

"Pima tena."

"Si imepona?"

"Pima."

Mia tatu na kumi na nne.

Gyusam akaweka pea chini. Deokrye alifungua ratiba ya kazi ambazo kompyuta hujifanyia yenyewe, akashuka nayo taratibu kwa kidole, na Daktari alikuwamo: kila ikiwashwa, warudishwe wote.

"Huyu ndiye anayewafungulia mlango," alisema. "Na wewe ndiye unayempikia."

"Tukimtoa, halafu kesho tukaumwa?"

"Tumeshaumwa, Baba Mirae. Wewe ulikuwa unaangalia homa tu."

Akaifuta ile kazi kwenye ratiba, akamtoa Daktari, akarudia kuwatoa wenzake na kuukata ule mkia. Akawasha upya. Ukurasa ukafunguka mweupe, mtulivu. Akawasha tena ili kuhakikisha. Mweupe. Gyusam aliomba abakishiwe karata. Deokrye akavua miwani, akaenda kulala.

Asubuhi, saa moja ilipogonga, foleni ilitokea kwenye skrini: maelfu ya watu mbele yao, subiri. Kidole cha Gyusam kikaenda kwenye kipanya.

"Ukigusa tunarudi mwisho wa mstari."

Akakalia mkono wake. Hakuna kiatu kilichochomoza. Zamu yao ilipofika, viti vilivyobaki vilikuwa viwili, tena mabehewa mbalimbali. Deokrye akavichukua bila kusikitika hata kidogo, akampigia dada yake.

"Tumepata, Dada. Tunakuja."

Bunnye akauliza, "Na shemeji naye?"

"Behewa lingine."

"Aje. Lakini mwambie asibonyeze chochote."

"Kwako kuna nini cha kubonyeza?"

"Jungu la umeme la wali. Vingine vyote nimeshavifunga kwenye maboksi. Hilo nimewaachieni ninyi."